Intaneti ya Angani: Tusiache Mbachao

Siku hizi ukipita Likoni, Kisauni au Changamwe, hukosi kusikia barazani mazungumzo ya intaneti ishukayo kutoka angani. Wako wasemao kuwa dhiki imekwisha. Wako wasemao ni anasa ya matajiri. Yafaa jambo hili tulipime kwa mizani ya haki.

Vyombo vya angani si vigeni kwetu watu wa pwani. Tarehe 12 Disemba 1970, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Lililo jipya ni wingi na ukaribu. Setilaiti za zamani za mawasiliano hukaa kiasi cha kilomita 36,000 juu, na ujumbe kwenda na kurudi hukawia kiasi cha nusu sekunde. Hizi ndogo za Starlink, iliyoanza kazi Kenya mwaka 2023, ni maelfu, nazo huzunguka kiasi cha kilomita 550 tu. Ukizungumza na nduguyo aliye Maskati, jawabu halikawii.

Tena, Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Hapo ilidhihirika kuwa njia ya akiba si upuuzi.

Lakini tutazame upande wa pili. Mwaka 2024 dishi dogo liliuzwa shilingi 27,000, na gigabaiti 50 za mwezi shilingi 1,300. Mama muuza mahamri, anunuaye intaneti ya siku kwa siku, atazitoa wapi kwa mkupuo mmoja? Dishi nalo lataka anga wazi. Minazi ya Likoni na majumba yaliyobanana ya Changamwe huliziba. Na stima ikipotea, nalo hunyamaza.

Kubwa zaidi ni nafasi. Setilaiti ni kama feri yetu: abiria wakizidi, wengine hubaki ng'ambo. Novemba 2024 kampuni ilisimamisha kwa muda kuandikisha wateja wapya Nairobi na jirani zake, kwa kuwa nafasi ilijaa. Kumbe chombo hiki huwafaa zaidi walio mbali, kama vijiji vya ndani vya Kwale na Tana River, kuliko mitaa iliyosongamana.

Sisi waya watua mlangoni petu. Mwaka 2009 ule wa TEAMS uliingia Mombasa kutoka Fujairah. Basi dai letu la kwanza liwe waya huo ufike Mtongwe, Mishomoroni na Mikindani, kwa bei ya mnyonge. Dishi liwe akiba ya zahanati, skuli na madrasa, pale ambapo gharama yaweza kuchangwa na wengi.

Wazee wetu walikwisha kutuusia: usiache mbachao kwa msala upitao.