KIFUNGO CHA NJE SI MSAMAHA, WALA SI MTEGO

Wilayani Same, kuanzia Hedaru na Makanya mpaka Gonja na Ndungu, mtu akipewa na mahakama kile kiitwacho kifungo cha nje, watu husema, "Ameachiwa." Ndugu wasomaji, neno hilo ni la hatari. Mwenye kuliamini anaweza kujikuta gerezani kwa kosa alilodhani limekwisha kusahauliwa.

Tuseme wazi sheria ilivyo. Sheria ya Uangalizi wa Wakosaji, Sura ya 247, inamruhusu hakimu kumweka mkosaji chini ya afisa wa uangalizi badala ya kumfunga, kwa muda usiozidi miaka mitatu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 38, inaruhusu mkosaji aachiwe kwa sharti la kutotenda kosa jingine katika muda usiozidi miezi 12. Nayo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inamruhusu yule ambaye kifungo chake kisingezidi miaka mitatu afanye kazi ya umma bila malipo. Katika njia zote hizo kosa halikufutwa; adhabu yake imewekwa kando tu. Aliye chini ya uangalizi akivunja masharti, mahakama humwita au hutoa hati akamatwe. Ikithibitika, yaweza kumtoza faini na kumwacha aendelee, au kumpa adhabu ya kosa lile la kwanza. Na akitenda kosa jipya, basi ana makosa mawili ya kujibu.

Wapo wanaosema kwamba utaratibu huu ni wa kuwabembeleza wahalifu. Hao hawaijui historia ya milima hii. Tangu zamani Wapare walichimba mifereji na kusafisha ndiva kwa msaragambo, na mtu aliyekwepa bila sababu alitozwa faini na wenzake. Hakuna aliyeita jambo hilo uonevu, kwa kuwa aliyetozwa alijua wajibu wake, na maji yenyewe yalikuwa yake pia. Mkosaji anayefanya kazi ya umma kijijini huirudishia jamii kitu alichoiharibia. Akiikimbia kazi hiyo kwa ujeuri, mkono wa sheria umfikie, na sisi hatutamlilia.

Lakini sheria hiyo hiyo inambana hakimu pia. Kabla ya kutoa amri, ni lazima amweleze mkosaji kwa lugha nyepesi maana ya masharti na matokeo ya kuyavunja. Hapo ndipo uzembe unapoanza. Kusoma karatasi upesi upesi na kumwekesha mtu dole gumba si kueleza. Ni kweli kwamba tangu Sheria Na. 1 ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini, nayo ni hatua kubwa ya ukombozi. Hata hivyo, mzee aliyezaliwa na kuzeekea juu milimani, ambaye mazungumzo yake ya kila siku ni Chasu, hawezi kuelewa istilahi za kisheria kwa sababu tu zimeandikwa kwa Kiswahili.

Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka Same kuipinga kodi ya mbiru. Wakoloni waliita jambo hilo ukaidi. Wananchi wale hawakukataa kulipa kodi. Walikataa makadirio ambayo hawakuelewa misingi yake. Mtawala asiyeeleza hana haki ya kumwita mkaidi mtu asiyeelewa. Je, sisi tuliojitawala tuirithi tabia hiyo ya kikoloni?

Hatuna budi kutofautisha mkaidi na aliyekwama. Mtu aliyehama usiku ili asionekane na afisa si sawa na yule aliyeshindwa kuteremka Same wakati wa masika kwa sababu barabara ya mlimani imekatika, au kwa sababu hakuwa na nauli. Sheria yenyewe imeacha nafasi ya kuwapima wawili hao tofauti. Mtumishi anayeshinikiza wote wafungwe anafanya kazi kwa hasira, na Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwisha kuwakanya viongozi wenye majivuno na uonevu.

Basi kila mmoja atimize wajibu wake. Hakimu aeleze, kisha amtake mkosaji arudie kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Afisa wa uangalizi apange siku za kukutana na watu huko huko tarafani badala ya kuwangojea wote mjini. Mtendaji wa kijiji ajulishwe masharti, ili mwenye udhuru apate mahali pa kuueleza mapema. Walimu walifundishe jambo hili katika somo la uraia. Na wale wanaosimamia kazi za umma shuleni na katika zahanati watunze daftari la mahudhurio kwa uaminifu, kwani daftari la uongo laweza kumfunga mtu asiye na hatia ya utoro. Wakumbuke pia kwamba mkosaji hakukabidhiwa kwao ili akapalilie tangawizi ya mwalimu mkuu.

Anayevunja masharti kwa makusudi aadhibiwe bila kuonewa haya. Lakini mtumishi wa umma aliyeshindwa kuyaeleza masharti hayo naye ahojiwe, kwa kuwa amemnyima mwananchi haki aliyopewa na sheria.