Mradi wa Mpakani Uanzie Kwenye Daftari la Mchuuzi

Haupiti muda mrefu kabla ya kuzuka mradi mpya unaoahidi kuwaingiza wafanyabiashara wadogo wa mashambani katika ulimwengu wa kidijitali. Mradi huo huzinduliwa kwa hotuba na ngoma, wageni wa heshima hukata utepe, na washiriki hupigwa picha wakiwa wamezishika simu mpya. Miaka mitatu baadaye fedha za wafadhili humalizika, afisi hufungwa, na mchuuzi aliyepigwa picha akitabasamu huonekana akiendelea kuandika madeni ya wateja kwa kalamu ya risasi nyuma ya kalenda. Ikiwa mambo huwa hivyo katika mradi wa wilaya moja, sembuse ule unaokusudia kuvuka mpaka na kuhudumia nchi mbili au tatu kwa pamoja?

Nalizungumzia suala hili kwa sababu mipaka yetu ya Busia, Malaba, Namanga, Taveta na Lunga Lunga ndiko yanakokutana maisha ya maelfu ya wachuuzi, wengi wao wakiwa wanawake. Wao huvusha mayai, maharagwe, vitunguu, samaki wadogo waliokaushwa na nguo. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliwawekea utaratibu mwepesi wa biashara: bidhaa za asili ya Afrika Mashariki zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, huvuka bila ya ushuru wa forodha kwa cheti rahisi kinachotolewa papo hapo mpakani. Ni kweli kwamba cheti hicho hakimwondolei mchuuzi kodi nyingine za ndani wala vibali vya afya ya mimea. Hata hivyo, ni haki yake, na haki hiyo ina thamani ya fedha. Asiyeijua humlipa dalali asiyestahili kulipwa, au hupitia njia za panya akahatarisha mali yake na hata utu wake.

Bila shaka, hapa ndipo teknolojia ingeweza kumfaa. Simu iliyo mfukoni mwake ingemjulisha bei ya maharagwe katika soko la ng'ambo kabla hajakodi gari. Ingemweleza ni hati gani anazohitaji na gharama yake halali. Ingemwekea kumbukumbu za mauzo ambazo angeweza kuzionyesha katika chama cha akiba na mikopo akapata mtaji. Faida hizi si ndoto. Swali ni kwa nini aghalabu haziwafikii walengwa.

Rai yangu ni kwamba miradi mingi ya aina hii huanza mahali pasipofaa. Huanza na mtambo, kisha humtafuta mtu wa kuutumia. Ingefaa ianze na daftari la mchuuzi: anaandika nini, kwa maneno yapi, anamwogopa nani, na ni nani atakayemsaidia pindi mradi utakapoondoka. Mradi usioyajua hayo hata ukivuka mpaka utakuwa umevusha vifaa tu.

Tuchukue mfano ambao kila Mkenya anaujua, ingawa si wengi wanaozijua asili zake. M-Pesa ilianza kama mradi wa majaribio mnamo Oktoba 2005 katika maeneo ya Nairobi na Thika. Idara ya maendeleo ya kimataifa ya serikali ya Uingereza ilitoa karibu pauni milioni 1, nayo kampuni ya Vodafone ikachangia rasilimali zake. Lengo la awali lilikuwa moja tu: kuwawezesha wateja wa shirika la mikopo midogo kulipa mikopo yao kwa simu. Lakini wateja hao walipokabidhiwa chombo hicho, walikitumia kwa mambo ambayo waandaaji hawakuyapanga. Walilipana wao kwa wao kwa bidhaa. Waliweka fedha kwa wakala kabla ya safari wakazitoa walikofika, ili wasiporwe njiani. Waliwatumia jamaa zao walio mbali. Waandaaji hawakuwakemea kwa kukiuka masharti ya mradi. Waliutazama mwenendo huo, wakaachana na mpango wa mikopo, na huduma ilipozinduliwa rasmi mwezi wa Machi 2007 ujumbe wake mkuu ulikuwa kutumiana fedha. Hapo ni mchuuzi aliyeufundisha mradi, na mradi ukakubali kufundishwa.

Historia iyo hiyo ina funzo la pili, nalo linahusu mpaka. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Tanzania mwaka wa 2008, chini ya jina lile lile na kwa uhusiano na kampuni mama ile ile. Hata hivyo, haikuwa hadi mwaka wa 2015 ambapo mteja wa Safaricom aliyeko Kenya na mteja wa Vodacom aliyeko Tanzania waliweza kutumiana fedha moja kwa moja kwa huduma hizo. Fikiria, msomaji: miaka saba imepita, na watu wanaoweza kuitana kwa sauti kutoka upande mmoja wa Namanga hadi wa pili hawawezi kutumiana shilingi kwa mitambo yenye jina moja! Mnara wa simu haujui mpaka. Wanaoujua ni benki kuu mbili, sarafu mbili na sheria mbili. Basi mradi wa kuvuka mpaka unaoajiri mafundi wa tarakilishi kumi bila ya mtu hata mmoja anayezijua kanuni za fedha na forodha za nchi zote mbili umejinyima jicho moja tangu siku ya kwanza.

Kuna pia suala la maneno, ambalo walimu wa Kiswahili hawatanishangaa nikilisisitiza. Samaki mdogo wa Ziwa Viktoria ambaye Mkenya humwita omena, Mtanzania humwita dagaa na Mganda humwita mukene. Mkenya anayetafuta bei ya minji hataipata ikiwa imeandikwa njegere, wala mwenye waru hatatambulika panapoandikwa viazi mviringo. Vipimo navyo ni mtihani mwingine: huku watu hupima kwa gorogoro, kule kaskazini mwa Tanzania kwa sado, na mahali pengine kwa debe. Programu inayotangaza bei ya kilo moja kwa mtu asiyepima kwa kilo humpa kazi ya hesabu badala ya kumpa habari. Mambo haya yanaweza kuonekana madogo kwa aliye afisini, lakini kwa aliye sokoni ndiyo yanayotenganisha chombo kinachotumika na kinachotupwa.

Lugha tunayo. Mnamo Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya hiyo, na mwaka wa 2022 baraza la mawaziri la Uganda likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za upili. Hata hivyo, Kiswahili cha mradi kisiwe tafsiri ya haraka ya maelezo ya Kiingereza. Kiwe kile anachokielewa mama muuza vitunguu, na pale ambapo Kisamia au Kiteso ndicho kinachowaunganisha watu wa pande zote mbili, kama ilivyo Busia na Malaba, sauti zirekodiwe kwa lugha hizo pia. Zaidi ya hayo, huduma ifanye kazi katika simu ya kawaida, ile tuitayo kabambe nasi Watanzania huiita kiswaswadu, kwa kubonyeza namba bila ya kuhitaji intaneti. Anayeulizia bei ya mayai hana haja ya kununua kwanza simu ya bei ya ng'ombe.

Jambo la tatu ni hofu. Mchuuzi anapoambiwa aweke kumbukumbu zake katika simu, hujiuliza ni nani mwingine atakayezisoma. Swali hilo ni la busara. Kenya ina mfumo wake wa ankara za kielektroniki uitwao eTIMS, Uganda ina wake uitwao EFRIS, na Tanzania ina mashine zake za risiti. Mchuuzi ambaye faida yake ya siku hununua unga na mafuta ya taa huona kila chombo cha kidijitali kuwa ni mkono wa mtoza ushuru. Mradi ulio mwaminifu humweleza waziwazi ni kumbukumbu zipi zilizo zake peke yake na ni zipi ambazo sheria inazidai. Aidha, mradi unaokusanya majina na namba za simu za watu wa nchi tatu umo chini ya sheria tatu za kulinda taarifa za watu binafsi: za Kenya na Uganda za mwaka wa 2019, na ya Tanzania ya mwaka wa 2022. Kumtaka mtu atie kidole kwenye fomu asiyoielewa si ridhaa.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kujisumbua bure, kwamba soko litajitengenezea njia, na kwamba vijana wa leo hawahitaji kufundishwa simu na mtu yeyote. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli. Wachuuzi wengi walijifunza kutuma fedha bila ya semina hata moja, na makundi ya WhatsApp yanauza mitumba kila siku bila ya mfadhili. Lakini soko huenda kwanza penye faida ya haraka. Hiyo M-Pesa yenyewe, inayotolewa kuwa mfano wa nguvu za soko, ilihitaji fedha za umma ili ijaribiwe. Kumweleza mchuuzi wa Taveta haki zake kwa lugha yake hakuna faida kubwa kwa kampuni yoyote, ingawa kuna faida kubwa kwa Taveta. Kazi ya aina hiyo ndiyo inayofaa kufanywa na mradi.

Sasa tufikie swali gumu kuliko yote: nani atabaki? Karibu mwaka wa 2010 serikali ya Kenya iliwakopesha wajasiriamali fedha za kufungua vituo vya kidijitali vilivyoitwa Pasha. Fikra ilikuwa njema, lakini baadhi ya vituo vilizidiwa na gharama za mtandao na marejesho ya mkopo, huku simu za mkononi zikiwafikishia wateja mtandao huo huo mifukoni mwao. Jengo na tarakilishi havikuwa vitu vya kudumu kama ilivyodhaniwa. Kinachodumu kijijini ni shule, chama cha akiba, soko lenyewe na nyumba za ibada. Mradi unaotaka kuishi baada ya kifo chake, yaani baada ya fedha zake kwisha, hauna budi kukabidhi maarifa yake huko tangu mwanzo, wala si katika mwezi wa mwisho wa ripoti.

Ndiyo sababu nawaelekea walimu na wanafunzi. Mtaala wetu wa umilisi umeuweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Ni nini kinachoizuia shule ya upili iliyo karibu na mpaka kuufanya ujuzi huo kuwa na maana? Wanafunzi wa pande mbili wanaweza kuandaa kamusi ndogo ya majina ya bidhaa na vipimo vya masoko yao. Wa somo la hesabu wanaweza kupima gorogoro na sado kwa mizani, wakatoa jedwali la kilo ambalo programu yoyote ingelitumia. Wa somo la biashara wanaweza kumsaidia mzazi mmoja mmoja kuliweka daftari lake vizuri, kwanza kwa karatasi, kisha kwa simu, kwani daftari lililovurugika likiingizwa katika simu huwa vurugu la kidijitali. Kazi hii haihitaji mabilioni. Inahitaji mwalimu mkuu aliye tayari, na mradi ulio tayari kumchukua kuwa mshirika badala ya mwenye ukumbi wa kukodi.

Hatimaye, tubadilishe namna ya kuhesabu mafanikio. Ripoti nyingi husema watu kadhaa walifunzwa Kenya na kadhaa wakafunzwa Uganda, kana kwamba kufunzwa ndiko kulikuwa kusudi. Miradi miwili inayokaa pande mbili za mto ikitumiana barua haijawa mradi mmoja. Ripoti ituambie ni wachuuzi wangapi wa upande huu waliouziana na wa upande ule bila ya dalali, ni wangapi waliodai cheti chao wakakipata, na ni wangapi waliokuwa wakiitumia huduma mwaka mmoja baada ya afisi kufungwa. Hesabu hizo zitakuwa ndogo kuliko zile za semina, na huenda wafadhili wasizipende mwanzoni. Lakini zitakuwa za kweli, na mama anayeamka alfajiri kuvuka na trei zake za mayai anastahili ukweli huo kabla ya kuombwa tena asimame apigwe picha.