Dada, kisunzi cha kila mwezi si lazima kiwe mimba

Hebu niambie, dadangu: umewahi kuamka siku mbili tatu kabla ya hedhi, ukaona chumba kinazunguka hadi ukashika ukuta? Na ulipomweleza mtu, akakutazama tumbo kwanza. Eti, "Una uhakika si mimba?" Au ukaambiwa hujala, au unajidekeza tu ukwepe kazi.

Mimi nasema mazoea haya tuyaache, yanaumiza wasichana.

Sikio halikuumbwa kusikia pekee. Ndani kabisa mna mifereji mitatu midogo yenye majimaji. Ukigeuza kichwa, majimaji hayo husogea na ubongo hujua umeelekea wapi. Sasa, sikio hilo la ndani lina vipokezi vya estrojeni, homoni ile ile inayopanda na kushuka katika mzunguko wako wa mwezi. Inaposhuka kabla ya hedhi, inaweza kuamsha kipandauso. Na si kila kipandauso huja na maumivu ya kichwa. Kuna kile kinacholeta kisunzi, kichefuchefu, na kufanya mwanga na kelele zikuudhi.

Sisemi kila kizunguzungu ni homoni, la. Hedhi nzito inaweza kukupunguzia damu, na hiyo pia inakuangusha. Kama kuna uwezekano wa mimba, pima, si aibu. Lakini majibu yakisema huna, basi maswali yasiishie hapo.

Kwa hivyo chukua simu yako. Kwa miezi mitatu, andika tarehe ya hedhi, siku uliyopata kisunzi, kilidumu muda gani, na kama masikio yalivuma au kuziba. Mpelekee daktari. Hata ukiona haya kueleza, tarehe hizo zitakusemea. Na siku ya kisunzi usiendeshe baiskeli wala pikipiki.

Ila sikio likiacha kusikia ghafla, mkono ukilegea au ulimi ukawa mzito, usingoje kuandika chochote. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Nanyi makaka, walimu na wazazi: msichana aliyeshika ukuta anahitaji kiti na mtu wa kumsikiliza. Minong'ono haijawahi kumtibu yeyote. Inamfunza tu kunyamaza, na mwezi ujao ataanguka peke yake.