Hiyo Si Kalamu, Ni Kidole cha Mpira

Naanza na hukumu, maelezo yatafuata. Kishikwambi cha bei ya chini kinachouzwa "pamoja na kalamu" usikinunue kwa sababu ya kalamu hiyo. Usiongeze hata shilingi mia juu ya bei kwa ajili yake. Katika vishikwambi vingi vya namna hiyo, kile kijiti kilicholala pembeni mwa boksi si kalamu hata kidogo. Ni kidole cha mpira chenye mpini wa bati, na anayekiita kalamu mbele ya mzazi aliyejibana miezi mitatu anamwibia mzazi huyo mchana kweupe.

Changu nilikinunua Kariakoo, Dar es Salaam. Winga, yaani dalali wa mtaani, alinipokea barabarani, akanipandisha ngazi hadi duka la ghorofa ya pili, na muuzaji akanifungulia boksi mezani kama anayefungua sanduku la bibi harusi: kishikwambi, kava, kibodi kidogo, hedifoni, na kalamu. Shilingi 240,000 kwa vyote. Akaichukua ile kalamu akachora kopa kubwa jekundu katikati ya kioo. Nikaridhika. Mpwa wangu yuko kidato cha pili, anachora katuni kwenye kila karatasi anayoiona, na ndoto yake ni mstari kama wa mchora katuni Masoud Kipanya. Nikamwona tayari amekaa na kazi yake.

Jioni ile nilikaa karibu naye akijaribu. Akaweka kiganja juu ya kioo, kama anavyoweka mtu yeyote aliyefundishwa kuandika, na kioo kikadhani kiganja ndicho kinachochora. Mstari ukaruka kutoka kwenye pua ya mtu aliyekuwa akimchora hadi pembeni kabisa. Akafuta, akaanza upya, mkono akiuning'iniza hewani. Baada ya dakika kumi kifundo kilikuwa kinamuuma. Ncha ya mpira ni nene kama punje ya hindi, kwa hiyo inafunika palepale anapotaka kuona. Nyusi inayotakiwa ianze nyembamba inenepe katikati ilitoka na unene uleule mwanzo hadi mwisho, akandamize asikandamize. Akajaribu kuandika jina lake kwa herufi ndogo. "A" na "o" hazikutofautiana. Siku ya tatu akanirudishia kijiti mkononi. "Mjomba," akaniambia, "hii ni sawa na kidole tu."

Mtoto wa miaka kumi na minne alikuwa amesema kitu ambacho hakuna boksi hata moja linalokiandika.

Kioo cha simu au kishikwambi hufanya kazi kwa umeme mdogo uliotandazwa juu yake. Mwili wa binadamu hupitisha umeme, kwa hiyo ukigusa, kioo kinahisi badiliko pale ulipogusa. Ule mpira wa kwenye ncha umechanganywa na kitu kinachopitisha umeme, nao unaupeleka mguso wa mkono wako hadi kwenye kioo. Basi. Hakuna kingine ndani ya kijiti. Ncha yake ni nene kwa sababu kioo kimetengenezwa kutafuta kitu chenye upana wa kidole, na mguso mwembamba sana hakiuoni. Uzito wa mkono hakiujui, na kiganja hakiwezi kukitofautisha na ncha. Kila udhaifu alioukuta mpwa wangu ulikuwamo tangu kiwandani, na aliyepakia boksi alijua.

Kalamu ya kweli ni mtambo mwingine kabisa. Katika kalamu za sumaku, chini ya kioo kuna tabaka la pili, wavu wa nyaya nyembamba unaotoa uga wa sumaku. Ndani ya kalamu kuna koili inayopata nguvu yake kutoka kwenye uga huo na kurudisha habari: niko hapa, nimeinama hivi, nimekandamizwa kiasi hiki. Ndiyo maana kalamu za aina hiyo hazihitaji betri wala kuchajiwa ili ziandike. Wacom wa Japani, kampuni iliyoanza 1983, ndiyo iliyojijengea jina kwa kazi hii, na Samsung iliiingiza kwenye Galaxy Note mwaka 2011. Kwenye kalamu za Samsung, ngazi za mkandamizo zinazotambuliwa hufika 4,096. Kalamu ikikaribia, kifaa kinajua kwamba kalamu ipo na kinapuuza kiganja. Hapo ndipo mtu anaweza kulaza mkono na kuandika.

Sasa niambieni: vitu hivi viwili vinawezaje kubeba jina moja kwenye rafu moja?

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nimepewa na watu ninaowaheshimu. Wacha watu wanunue wanachokiweza. Kitu rahisi ni afadhali kuliko kukosa. Nakataa. Mwenye fedha nyingi akinunua kimeo anakitupa, wiki inayofuata ananunua kingine. Aliyejibana ananunua mara moja kwa miaka minne. Huyo ndiye anayestahili kuambiwa ukweli mapema kuliko wote, na huyo ndiye anayefichwa. Tena urahisi wenyewe sina ugomvi nao. Apple, ambao hawajawahi kusifiwa kwa bei ndogo, mwaka 2023 walitoa kalamu ya dola 79 isiyohisi mkandamizo. Tofauti ni kwamba waliandika wazi kuwa haihisi. Mnunuzi alijua anachoacha. Mwenye duka la Kariakoo, na kiwanda kinachompakilia, wanashindwa nini kuandika mstari huohuo mmoja?

Boksi nililonunua liliandikwa pia RAM ya GB 12. Nilipoingia kwenye mipangilio nikakuta 4, nyingine 8 zimeazimwa kutoka kwenye hifadhi, ambayo mwendo wake ni wa konokono ukilinganisha na RAM yenyewe. Sitakaa hapo. Aliyedanganya kwenye kalamu hakuona sababu ya kuacha kudanganya kwenye namba.

Basi ukienda dukani, nenda na simu yako mfukoni. Omba ile kalamu, iguse kwenye simu yako ya kawaida. Ikiandika, iache. Inayoandika kwenye kioo chochote haina mazungumzo ya pekee na kioo chake, ni kidole. Kisha iweke ncha karibu na kioo cha kishikwambi bila kugusa, umbali wa nusu sentimita hivi. Kwenye kalamu ya sumaku kinatokea kidoti kinachofuata mkono wako huku na huku. Kwenye kijiti cha mpira hakitokei kitu. Mwisho laza kiganja chote, uandike sentensi nzima kwa herufi ndogo, siyo kopa. Muuzaji akichora kopa mwambie aandike jina la mama yake.

Usidanganyike na ile kalamu nyingine, nyembamba, yenye ncha ngumu, inayochajiwa kwa waya. Hiyo inatoa umeme wake mdogo ili kioo kidhani kimeguswa na kidole. Kwa kusaini fomu inafaa, na ncha yake angalau unaiona. Lakini zinazouzwa kwa kila kifaa kwa kawaida hazijui uzito wa mkono, na kiganja kitaleta fujo zilezile.

Kama kijana wako anachora kweli, au wewe ni mwalimu unayesahihisha hesabu juu ya kioo, tafuta kishikwambi kilichotumika chenye kalamu ya kweli kabla hujakitazama kipya chenye kijiti. Galaxy Tab S6 Lite ilitoka 2020 ikiwa na kalamu yake ndani ya boksi, ikatolewa upya 2022 na tena 2024. Ya kwanza iliyotunzwa vizuri inaipita mbali takataka mpya ya jana. Hakikisha tu kalamu ipo, maana wauzaji huzipoteza, na ncha haijalika. Au nunua ubao wa kuchorea usio na kioo, unaochomekwa kwenye kompyuta. Wacom, Huion na XP-Pen wanazo ndogo za bei nafuu, na kalamu zake zinahisi mkono. Macho yatachukua siku kadhaa kuzoea kutazama mbele huku mkono ukichora chini. Ukiwa hauna fedha ya hayo, penseli na daftari. Nasema hivyo kwa heshima zote za penseli: inahisi mkandamizo kuliko chochote nilichokitaja hapa.

Na kishikwambi chenyewe, kijiti kikiwekwa kando? Kwa kusoma vitabu vya PDF na kutazama masomo kinatosha, mradi ulipie kishikwambi tu. Tangu vishikwambi vya Sensa ya 2022 vipelekwe kwa walimu, watu wengi wamekiona kifaa hiki kikifanya kazi halali, na ni vizuri. Ndiyo sababu inaniuma zaidi kuona jina la kishikwambi likipakwa matope.

Nilirudi dukani siku ya nne. Muuzaji hakubishana nami. Alinyoosha kidole tu kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Karatasi ile ipo kwenye maduka mengi ya nchi hii, na tumeizoea hadi tunadhani ni sheria. Si sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na karatasi ya ukutani haiwezi kuifuta. Tume ya Ushindani ipo kwa kazi hiyo. Ninachowaomba ni kidogo: kila boksi lenye neno "kalamu" liseme, kwa Kiswahili, kama kalamu hiyo inahisi mkandamizo au haihisi. Mstari mmoja. Mwagizaji akikataa kuuchapa, mzigo usitoke bandarini.

Boksi langu ninalo bado, kijiti kimo ndani, na risiti ya EFD nimeikunja pamoja navyo. Wiki hii navipeleka Tume na malalamiko yangu kwa maandishi. Nawe uliyenunua kama mimi, tafuta risiti yako, uje na lalamiko lako.