Ahadi ni Deni

Wako wanaotukaripia: «Kwa nini hamsadiki? Wakubwa wamekwisha kuahidi kulinda hewa na mapori ya dunia.» Twajibu: kumheshimu mkubwa ni wajibu, lakini kumwuliza mwenye deni kama amelipa si kosa.

Haya, tuhesabu. Mwaka wa 2009, kule Copenhagen, inchi tajiri ziliahidi kuwapa maskini dola miliari 100 kila mwaka, kuanzia 2020. Mwaka ule ulifika, feza hazikutimia. Zilitimia mwaka wa 2022 tu. Mwaka wa 2021, kule Glasgow, wakubwa wa inchi zaidi ya 100, Kongo pamoja nazo, waliahidi kukomesha uharibifu wa mapori mpaka 2030. Hata mwaka haujapita, katika Julai 2022, serkali yetu ikatangaza mnada wa vipande 27 vya kuchimba petroli, vingine katikati ya pori lenyewe. Mnada ukafutwa 2024. Mwaka wa 2025 vikatangazwa vipande 52 vingine.

Katika Mei 2023 mafuriko yaliua watu zaidi ya 400 kule Kalehe. Hatusemi kwamba ahadi moja iliyovunjwa ndiyo iliyoleta mvua ile. Lakini mwenye nyumba kando ya mto hawezi kujikinga kwa karatasi yenye sahihi.

Basi tusikate tamaa, wala tusipige makofi bure. Mkubwa akija na ahadi mpya, tumwulize kwanza hesabu ya ile ya zamani.