Udhaifu wa wazee wetu: je, miaka peke yake inatosha?



Tunapoandika orodha ya wazee wa kusaidiwa hapa Bunia, swali la kwanza mara nyingi ni miaka. Lakini yuko baba wa miaka 75 ambaye bado analima, na mama wa miaka 62 asiyeweza kuinua bidoni ya maji. Dhaifu ni nani?

Watafiti nao wamejiuliza hivyo. Mwaka 2001, daktari Linda Fried wa Marekani na wenzake walitaja dalili 5: kupungua uzito bila kutaka, kuchoka sana, mkono kukosa nguvu ya kushika, kutembea polepole, na kupunguza kazi za mwili. Mwenye dalili 3 au zaidi anahesabiwa dhaifu. Mwenye 1 au 2 yuko njiani. Kenneth Rockwood wa Kanada yeye anajumlisha magonjwa na mapungufu yote yaliyomlundikia mtu. Wote wawili wanakubali kwamba udhaifu si umri. Tena si hukumu ya mwisho: chakula na mazoezi vinaweza kumrudishia mtu nguvu.

Lakini vipimo hivyo vilizaliwa katika nchi zenye amani. Huku Ituri, tangu mauaji yalipoanza tena Djugu mwisho wa 2017, mzee aliyekonda pengine amepoteza shamba lake. Tukiita njaa uzee, tutasema "ni miaka tu" mbele ya mtu anayehitaji chakula. Katika wilaya ya Hai, kule Kilimanjaro, Tanzania, watafiti walitengeneza kipimo kifupi kinacholingana na maisha ya wazee wa kwao. Sisi pia tunakihitaji cha kwetu.

Paulo alipomwandikia Timotheo juu ya orodha ya wajane (1 Timotheo 5), alitaja miaka 60. Lakini hakuishia hapo: alitaka ijulikane nani ameachwa peke yake kweli, na nani ana watoto wa kumtunza.

Basi mashemasi na wamama wa kanisa, mkimtembelea mzee, katika mtaa au katika kambi ya Kigonze, mwangalie: Jana alikula nini? Nguo zinampwaya? Anasimama kitini bila kushikwa? Nani anamchotea maji? Mkiona hatari, mpelekeni kituo cha afya, na vijana wapangiwe zamu ya maji.

Na mzee akikosa ibada Jumapili mbili, tusiseme amezeeka. Twende kwake.