Mguu wa nyati na yule aliyezaliwa kipofu

Mwaka 1937 kiwanda cha sarafu cha Denver, Marekani, kilitoa sarafu za senti tano zenye picha ya nyati mwenye miguu mitatu. Muhuri wa chuma unaogandamiza picha juu ya sarafu ulikuwa umepata kasoro. Fundi akausugua ili kuusafisha, akasugua kupita kiasi, mguu mmoja wa mbele ukafutika kwenye muhuri. Sarafu zilizopigwa kwa muhuri huo baada ya hapo zikatoka hazina mguu.

Leo wakusanyaji wa sarafu wanazigombania kwa bei kubwa. Na kama ilivyo kawaida yetu wanadamu, wakatokea wajanja wenye tupa. Wanachukua sarafu nzima ya mwaka uleule, wanaparua mguu, wanakwenda sokoni.

Mtu mwenye kioo cha kukuzia huwagundua. Kwenye sarafu ya kweli, pale mguu ulipopaswa kuwa hapana jeraha. Uso umetulia, na chini ya tumbo la nyati kuna mstari wa vinundu vidogo vilivyotokana na muhuri wenyewe. Kwenye ile ya tupa kuna mikwaruzo, na chuma kimepungua. Swali la mtaalamu ni moja: hili lilitokea kabla sarafu haijapigwa, au baada ya kutoka kiwandani? Ndivyo pia kwa senti za 1955 za Philadelphia, zile ambazo tarehe na maneno ya kumtumaini Mungu yanaonekana mara mbili mbili. Kosa lilikuwa kwenye muhuri. Sarafu iliyokanyagwa na gari barabarani nayo inaweza kuwa na sura ya ajabu, lakini hiyo imeumizwa tu.

Utaniuliza padre anatafuta nini kwenye sarafu zaidi ya zile za kapu la sadaka. Natafuta hilo swali, kwa sababu katika jumuiya zetu ndogo ndogo tunawapima watu kila siku bila kioo, na mara nyingi tunapima kinyume.

Mtoto akizaliwa na ulemavu, au na ualbino, tunaanza kutafuta mwenye tupa. Mama anaulizwa alikula nini, alimkosea nani, ukoo upi umemlaani. Baba anafungasha virago. Wapo hata wanaosali Rozari asubuhi na jioni wakamtafuta mganga awaambie ni nani aliyefanya. Hakuna aliyefanya. Na hapa niseme wazi kwamba mfano wangu una mwisho wake: Denver walikosea, Mungu hakosei. Sikubali mtoto yeyote aitwe kosa, hata kwa upole, hata kwa kumwonea huruma. Ninachochukua kwenye sarafu ni habari ya kabla na baada, basi.

Upande wa pili unanitisha zaidi. Yupo kijana anayepiga kila aliye karibu naye, nasi tunasema ndivyo alivyozaliwa, ni damu ya baba yake. Hatusemi kwamba huyo baba alimchapa kwa waya tangu hajajua kusoma. Yupo binti aliyekuwa mchangamfu, anaimba Utoto Mtakatifu, kisha likizo moja akapelekwa kwa ndugu mjini, akarudi kimya. Shangazi zake wanasema ni tabia, amekua, amekuwa mpole. Tabia haianzi baada ya likizo. Hapo kuna chuma kilichoondolewa, na mtu aliyekiondoa huenda anakaa benchi la tatu na kujibu Amina kwa sauti.

Tukisema amezaliwa hivyo, tumemwachilia huyo mtu. Hatutamuuliza. Hatakwenda kitubio, wala polisi, na mtoto hatapelekwa hospitali wala kwa mtu wa kumsikiliza. Ndiyo maana silichukulii neno hilo kuwa la upole. Mzazi anayeliambia jirani yake kwa nia njema anaweza kuwa anafunga mlango ambao mtoto alikuwa bado anaugonga.

Kwa mkusanyaji, sarafu iliyoharibiwa haina bei ya ziada, anaisukuma pembeni. Lakini mpe konda wa daladala shilingi 200 iliyokwaruzwa, ataipokea na kukurudishia chenji ileile. Yule mwanamke wa Injili ya Luka, sura ya 15, aliwasha taa na kufagia nyumba nzima kwa ajili ya sarafu moja. Hatusomi kwamba alipoipata aliigeuzageuza kwanza aone kama imechubuka.

Nenda pia Yohane sura ya 9. Wanafunzi wanamwona mtu kipofu tangu kuzaliwa, na jambo la kwanza wanalotaka kujua ni nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu analikataa swali zima, kisha anamponya. Majirani wanaanza kubishana kama ni yuleyule aliyekuwa akiomba au anayefanana naye, ilhali mwenyewe amesimama palepale akisema ni mimi. Wakubwa wanawaita wazazi. Wazazi wanaogopa, lakini wanasema jambo ambalo sisi kwenye vikao vyetu vya ukoo hatulisemi: mtoto wao ni mtu mzima, wamuulize mwenyewe.